Somo: Kupaka hina nywele ndefu nyeusi ukiwa nyumbani

Kabla ya kununua unga, inafaa kujua hina inaweza nini na haiwezi nini juu ya nywele nyeusi. Hina haiondoi weusi ulioumbwa nao; inaongeza juu yake rangi nyekundu inayoelekea hudhurungi, ambayo hushikamana na keratini ya unywele na haitoki kwa kuoshwa. Kwa hiyo mwenye nywele nyeusi tititi ataendelea kuonekana na nywele nyeusi akiwa ndani ya nyumba, na wekundu utajitokeza atakaposimama juani. Picha ya nywele nyekundu pyu iliyochapishwa kwenye pakiti haimhusu, na anayeitaka rangi ile asitafute kwa hina.

Hatua ya kwanza ni kuchagua unga. Hina safi ni majani makavu ya mhina yaliyosagwa, bila kingine chochote, na maduka mengi ya pwani huuza ile ya India, ambako mji wa Sojat katika jimbo la Rajasthan unasifika kwa kilimo chake. Unga mzuri una ukijani wa majani makavu na harufu ya nyasi. Uliogeuka kahawia umekaa sana dukani na nguvu yake imepungua. Soma orodha ya viungo. Pakiti inayoahidi weusi kwa dakika 30 haina hina peke yake, kwa sababu hina haitoi weusi wala haifanyi kazi kwa haraka hivyo. Mara nyingi kilichoongezwa ni kemikali iitwayo PPD, ile ile inayopatikana katika piko, nayo inaweza kumchubua mtu ngozi na kumvimbisha uso hadi macho yasifunguke.

Kuhusu kiasi, nywele zinazofika mabegani huhitaji takriban gramu 200, za katikati ya mgongo gramu 300 hadi 400, na zinazofika kiunoni gramu 500. Nywele nene huzidi hapo. Usipunje, maana rangi hushika pale tu ambapo hina imegusa unywele wenyewe.

Hatua ya pili ni kuvuruga. Chekecha unga kwa kitambaa laini, kwani vijiti vilivyobaki huwa adha kubwa wakati wa kuosha, kisha uutie katika bakuli la kioo, udongo au plastiki. Ongeza kidogo kidogo chai ya rangi iliyopoa hadi vuguvugu, pamoja na vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu. Wapo wanaokandia ndimu tupu. Rangi hutoka, lakini nywele hukauka na kichwa huwasha, na sioni faida yake. Maji yanayochemka nayo yaepukwe. Mchanganyiko uwe mzito kama maziwa ya mgando, kwa sababu ukiwa mzito zaidi hautapenya katikati ya nywele ndefu, na ukiwa mwepesi utachuruzika shingoni.

Funika bakuli na uliache mahali penye joto. Katika joto la Mombasa au Unguja, muda wa saa 6 hadi 8 hutosha. Nyanda za juu wakati wa baridi, liache usiku kucha. Ili kujua kama rangi imeachia, weka tone kiganjani kwa dakika chache, ulifute, na ukiona doa la rangi ya chungwa, hina iko tayari.

Siku chache kabla ya kuvuruga hina yote, vuruga kidogo ufanye jaribio. Kusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, zifunge kwa uzi, uzipake na kuziosha baada ya muda ule ule utakaotumia kichwani. Pia paka kidogo nyuma ya sikio na uangalie ngozi kwa siku mbili. Jaribio hili huonekana kama usumbufu, lakini rangi hii haina dawa ya kuitoa.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Osha nywele kwa shampuu bila kutia mafuta wala kondishena, kwa kuwa mafuta huzuia rangi isishike, na uziache zibaki na unyevu kidogo. Jipake mafuta ya nazi kwenye paji la uso, masikio na shingo, vaa glovu, na utandike gazeti sakafuni. Gawa kichwa mafungu manne na ubane matatu. Anzia kisogoni, ukichukua nywele nyembamba za upana wa kidole, upake mashina kwa ukarimu, halafu ushuke hadi ncha ukizikamua kwa viganja. Kila ulichomaliza kisokote na ukilaze utosini, kinachofuata kizungushe juu yake. Hina yenyewe itavishika. Kwa nywele za kiunoni, mwombe dada au shoga akusaidie, kwani mikono huchoka kabla ya kufika utosini na hapo ndipo watu huanza kulipua.

Funga kichwa kwa kofia ya plastiki ya kuogea, juu yake kitambaa, na ukae muda wa saa 3 hadi 4. Kichwa kitakuwa kizito na cha baridi. Kuosha, chovya nywele katika ndoo ya maji hadi hina ilegee, suuza, kisha utie kondishena nyingi ili chenga ziteleze. Usitumie shampuu kwa siku mbili, na usiihukumu rangi mapema, maana huendelea kukolea kwa siku mbili au tatu.

Mara zinazofuata paka mashina yaliyoota tu. Ukirudia urefu wote kila mara, rangi hulimbikizana na ncha huwa nyeusi kuliko utosi.

MASWALI YA WANACHAMA

Assalaamu alaykum dada. Nina mvi nyingi mbele na sitaki ziwe nyekundu. Nifanyeje?

Wa alaykumu ssalaam. Hina pekee itazifanya ziwe za rangi ya chungwa. Baada ya kuosha hina, paka unga wa nili, yaani majani ya mnili yaliyosagwa, uliovurugwa kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, bila ndimu. Nili hupoteza nguvu haraka, hivyo ipake ndani ya robo saa tangu kuivuruga na uiache kwa muda wa saa 1 hadi 2.

Je, udhu unafika nikiwa na hina?

Rangi haiweki utando juu ya unywele. Kinachozuia maji ni hina mbichi iliyoganda, kwa hiyo ioshe yote kwanza.

Shikamoo mama. Naweza kumpaka binti yangu wa mwaka mmoja?

Marahaba mwanangu. Usimpake. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwetu, anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu kwa hina safi kabisa, na wazazi wengi hawajui kama mtoto anayo. Mtu mzima aliyeambiwa hospitali kwamba ana upungufu huo naye aiache.

Nywele zangu zimetiwa dawa ya kulainisha. Zitaharibika?

Hina safi haigombani na dawa hiyo, ila acha wiki mbili zipite na ufanye jaribio la kitana. Hatari iko kwenye unga uliochanganywa na chumvi za metali, hasa ukifuatiwa na rangi ya dukani au dawa ya kung'arisha nywele.

Hina iliyobaki niitupe?

Itie kwenye mfuko uliofungwa vizuri na uigandishe kwenye friza. Hukaa miezi kadhaa, na kiasi hicho kitakufaa kwa mashina.