Usirushe DAP kwenye udongo wa majivu ya volkano

Wakulima wengi wa mahindi wa Rungwe, mkoani Mbeya, na kandokando ya milima ya Uporoto bado wanarusha DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, kwa mkono shamba zima, kisha wanaichanganya na udongo kwa jembe. Mazao yakidumaa husema kwamba mbolea imechukuliwa na mvua. Sivyo. Fosforasi imebaki humohumo shambani, ila imeshikwa mahali ambapo mizizi haiwezi kuing'oa.

Majivu na pumisi (mawe mepesi yenye matundu) ya volkano yanapooza kwa miaka mingi huzaa alofeni, madini ya aluminiamu na silika ambayo chembe zake ni vitufe vyenye uwazi ndani, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nanomita 3.5 hadi 5, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa sababu ya udogo huo, gramu moja ya chembe nano hizi ina eneo la uso la mita za mraba mia kadhaa, na kwenye uso huo aluminiamu huinasa fosfeti, yaani fosforasi katika hali ambayo mimea huifyonza, kwa nguvu inayoongezeka kadiri siku zinavyopita. Weusi na wepesi wa udongo huu, ambao huteleza kama mafuta ukiufikicha ukiwa mbichi, humfanya mwenye shamba aamini kwamba hauhitaji uangalizi.

Sasa piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una fosforasi kilo 10 tu. Ukiuchanganya kwenye ekari moja hadi kina cha sentimita 15, umeugawa katika mita za ujazo 600 za udongo, yaani umezilisha chembe na si mahindi. Mbolea ikikaa pamoja ndani ya shimo, chembe chache zilizo jirani hushiba upesi na kinachobaki huenda kwenye mizizi.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, chimba shimo la sentimita 10, weka kifuniko kimoja cha soda, yaani gramu 5 hivi, fukia kwa udongo wa sentimita 5, weka mbegu mbili, kisha fukia tena sentimita 5. Pima kwa rula, si kwa macho, kwa maana mbegu ikigusa DAP huungua, na shimo likiwa refu kupita kiasi mche huchelewa kuchomoza. Ekari itahitaji karibu mfuko mmoja. Mwenye samadi iliyoiva aweke konzi moja shimoni pamoja na mbolea, kwa kuwa tindikali zake hugombania nafasi zilezile kwenye chembe.

Majani yasipogeuka zambarau, dalili ya upungufu wa fosforasi, katika wiki ya tatu au ya nne, umefanya vizuri.

Yakigeuka, usikimbilie dukani kununua mfuko wa pili wa DAP na kuumwaga juu ya mahindi yaliyofika magotini. Fosforasi husogea milimita chache tu kwenye udongo huu, hivyo ya juu itabaki juu. DAP ni mbolea ya kupandia, na huwekwa siku ileile ya kupanda. Wakati wa kukuzia ni wa urea au CAN, ambazo ni mbolea za naitrojeni.