Kabla ya kutoka nje ya Longyearbyen: mambo ya kuzingatia kwa safari ya Svalbard mwezi Machi

Swali la kwanza la wanaojiandaa kwenda Svalbard, visiwa vya Norway katika Aktiki, huwa ni baridi: itafika nyuzi ngapi? Kinachostahili kuulizwa mapema zaidi ni maji, yaani jasho, pumzi, theluji iliyoyeyukia kwenye mkono wa koti. Mtu mkavu aliyevaa vizuri hutembea siku nzima kwenye nyuzi −25 bila madhara. Aliyelowa jasho yumo hatarini hata kwenye −5, kwa sababu maji hupitisha joto la mwili kiasi cha mara 25 kuliko hewa. Karibu matayarisho yote yanarudi hapo.

Machi huchaguliwa kwa sababu ya mwanga. Jua hurudi kuonekana Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard ulio nyuzi 78 kaskazini, tarehe 8 Machi, na fjodi (ghuba nyembamba kati ya milima) na mabonde bado yana theluji ya kupitika. Hakuna barabara ziunganishazo mji huo na makazi mengine. Utakwenda kwa ski (mbao ndefu za kutelezea thelujini), kwa mbwa au kwa pikipiki ya theluji.

Karatasi zishughulikiwe miezi kadhaa kabla. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini ndege hupitia Norway bara, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani. Hakikisha ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukipanda ndege ya kwenda Longyearbyen unahesabiwa umetoka Schengen, na kurudi Oslo au Tromsø ni kuingia upya. Anayesafiri kivyake nje ya eneo la usimamizi namba 10, lile linalouzunguka mji, lazima atoe taarifa kwa ofisi ya gavana, Sysselmester, na awe na bima ya kutafutwa na kuokolewa. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi hilo, basi isome yote. Hospitali ya mjini ni ndogo. Mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Tromsø, karibu kilomita 950.

Kwenye mavazi, pamba iache nyumbani, hata chupi na soksi. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu nyembamba, juu yake sufu nzito au flisi, kisha koti na suruali za kuzuia upepo, na koti kubwa la manyoya ya bata la kuvaa mkisimama tu. Ukilivaa hilo kubwa ukiwa unapanda mlima, utalilowesha kwa jasho; manyoya yaliyolowa hushikamana, hewa iliyokuwa inakutunza hutoka, na jioni umebaki na gunia zito. Anza kutembea ukihisi ubaridi kidogo. Fungua zipu kabla ya jasho kuanza kutoka, usingoje litoke. Waliopanda Kilimanjaro wasidhani vifaa vya usiku wa kileleni vinatosha: pale unavumilia saa chache kisha unashuka kwenye joto. Svalbard hakuna pa kushukia.

Buti ziwe kubwa kuliko kipimo chako kwa namba moja au mbili. Wengi huongeza soksi ya tatu kwenye buti ileile, zikabana, damu ikashindwa kufika vidoleni, na soksi hiyohiyo ndiyo iliyowagandisha. Bitana ya buti itolewe kila usiku ikaushwe, la sivyo asubuhi utaikuta imekakamaa kwa barafu. Mikononi, glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Ndani yake vaa glavu nyembamba usizozivua kamwe unapofunga zipu au kugusa chuma, na zile kubwa zifungwe kwa kamba kifundoni. Glavu moja ikipeperushwa na upepo, mkono huo uko hatarini ndani ya dakika.

Jambo ambalo miongozo mingi hailitaji linawahusu wasomaji wengi wa Kiswahili. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Tena vitabu hueleza kuganda kwa ngozi kama “doa jeupe”, ilhali kwenye ngozi nyeusi doa hilo huwa la kijivu hafifu na mwanga wa theluji hulificha. Tumia mguso. Bonyeza ncha ya pua, masikio na mashavu. Sehemu isiyohisi, iliyo ngumu kidogo kama mshumaa, imeanza kuganda. Mkaguane nyuso kila robo saa. Iliyoganda ifunikwe kwa kiganja chenye joto, isisuguliwe, isipakwe theluji. Kama imeganda kwa kina, usiiyeyushe njiani: ikiganda tena, madhara ni makubwa kuliko kuiacha. Huyeyushwa penye makazi, katika maji ya nyuzi 37 hadi 39, kwa takriban nusu saa.

Upepo uhesabiwe pamoja na nyuzi. Kwenye −20, upepo wa kilomita 40 kwa saa huifanya ngozi ipoteze joto kana kwamba ni −34. Pikipiki ya theluji ikienda kilomita 60 kwa saa siku ya −20 isiyo na upepo, inakutengenezea −36 yako mwenyewe.

Jiko linastahili majaribio nyumbani. Gesi ya byuteni huacha kugeuka mvuke kwenye −0.5, kwa hiyo mtungi ule mdogo wa kambini utabaki umejaa na moto hauwaki. Chukua jiko la mafuta ya kimiminika yanayopampiwa, na mafuta yapata mililita 250 kwa mtu kwa siku, maana kila tone la kunywa litatokana na theluji. Acha maji kidogo kwenye sufuria kabla ya kuongeza theluji. Theluji kavu huunguza sufuria na maji yakanuka moshi. Jaza mafuta ukiwa umevaa glavu, kwa kuwa yakimwagika kwenye ngozi yakiwa ya −25 huigandisha papo hapo. Ndani ya hema acha tundu la juu wazi: kaboni monoksidi haina harufu. Chupa ya maji ilazwe kichwa chini, kwani barafu huanzia juu, na mdomo utabaki unafunguka. Chupa ya chai ijazwe asubuhi, lita moja kwa kila mtu.

Betri zikae kifuani, simu pia. Pawabenki iliyoganda isichajiwe hadi ipate joto, maana kuchaji betri ya lithiamu chini ya sifuri huiharibu kabisa. Mtandao wa simu hukatika mara tu uachapo mji, na setilaiti zilizosimama juu ya ikweta huonekana chini mno upeoni, nyuma ya milima. Beba simu ya Iridium, ambayo setilaiti zake hupita juu ya ncha za dunia, pamoja na kifaa cha dharura cha megahezi 406, kinachorusha ishara ya kuomba kuokolewa.

Dubu mweupe yuko popote nje ya mji. Sheria inakutaka ubebe njia ya kumfukuza, na tangu 2025 inakukataza kumsogelea chini ya mita 300, au mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni. Fataki ya kutishia lazima ilipuke kati yako na dubu. Ikimpita na kulipukia nyuma yake, itamkimbiza kuja kwako. Bunduki ya kukodi huhitaji kibali cha Sysselmester kilichoombwa mapema. Ukifika kibandani, iache kwenye baridi ya ukumbi wa nje, bila risasi chemberi. Ikiingizwa penye joto hutoa umande, na ikitoka tena umande ule huganda ndani ya kufuli lake. Grisi nzito ifutwe kabla ya safari, kwa sababu hiyo nayo hukakamaa, na pini ikapiga kwa ulegevu.

La mwisho kabla ya kuwasha injini: mwachie mtu mjini ramani ya njia, idadi ya watu, rangi ya mahema, na saa kamili ambayo, msipopiga simu, yeye atampigia Sysselmester.