Kabla ya kushuka Dar kutibiwa mshipa wa karotidi uliotuna

Daktari akisema ateri ya karotidi, ile inayopandisha damu kichwani kupitia shingoni, imetuna kama puto pale chini ya fuvu, sisi wa Mbeya tunawaza nauli kwanza. Nami niliwaza hivyo nilipomsindikiza shangazi kutoka Tukuyu. Kumbe kilichotaka maandalizi zaidi ni vidonge.

Mahali pale mfupa na neva za jicho vimebanana, ndiyo maana mgonjwa huona vitu viwiliviwili au kope moja hulala. Kisu hakifiki kirahisi. Madaktari hupita ndani ya mshipa wenyewe: mrija mwembamba huingizwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono, ukapandishwa hadi shingoni, kisha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, yenye nyuzi zilizosukwa kwa kubanana hutandazwa kupita mdomo wa puto. Damu inaendelea na safari yake ndani ya stenti, na ile iliyo ndani ya puto hutulia, ikaganda. Marekani iliidhinisha stenti ya kwanza ya namna hii mwaka 2011, kwa maputo makubwa, yaani ya milimita 10 na zaidi. Puto halizibi siku hiyohiyo. Huchukua miezi, na ndiyo maana utaitwa tena kupigwa picha.

Sasa vidonge. Stenti ni chuma, na damu hupenda kuganda juu ya chuma kigeni. Bonge likiruka likaingia kwenye ubongo, ni kiharusi. Kwa hiyo aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, huanza siku kadhaa kabla, mara nyingi siku 5 hadi 7, na klopidogreli huendelea kwa miezi, aspirini kwa muda mrefu zaidi. Ukiruka siku chache kwa kuwa zimeisha, unahatarisha kazi yote. Shangazi alibakiza vidonge vinne, duka la dawa la karibu halina, tukamtuma kijana wa bodaboda Mbeya mjini jioni ile. Usifike hapo. Kabla hujasafiri, ulizia dawa hizo zinapatikana wapi karibu na kwako, na uzinunue mapema.

Mwambie daktari kila unachomeza. Wengi wetu tuna vidonda vya tumbo na tunatumia omeprazo, nayo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Zipo dawa nyingine za tumbo za kubadilishia. Diklofenaki ya kununua dukani kwa ajili ya mgongo iache, maana juu ya dawa hizi tumbo linaweza kuvuja damu. Dawa za kienyeji nazo zitaje, usione haya. Na kama kuna jino linalokusumbua, ling'olewe kabla. Baadaye damu itachelewa kukata, na hutaruhusiwa kusimamisha vidonge ovyo kwa sababu ya jino.

Dawa ya rangi inayowekwa mishipani ili picha ionekane hupita kwenye figo, hivyo kipimo cha figo kifanyike mapema. Mwenye kisukari anayetumia metifomini aulize lini aiache na lini airudie. Aliyewahi kuvimba au kuwashwa baada ya dawa ya rangi aseme kabla hajalala mezani. Presha ishuke, sigara iachwe. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao upumzishwe.

Mbeya hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na mteremko wa Kitonga humchosha hata mzima. Fika siku mbili tatu kabla. Beba picha zote za CT na MRI kwenye CD, si karatasi ya majibu pekee. Mkiwa na bima, ulizieni kibali cha stenti kwa jina lake, kabla ya kukata tiketi. Usipange kurudi na basi siku ya kutoka wodini. Kidonda cha kinena hakipendi kukaa kimekunjwa saa 12 na zaidi.

Kuna dalili zisizongoja tarehe ya miadi: kichwa kinachouma ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, jicho kupoteza nuru, damu nyingi puani, uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali kubwa ya karibu saa hiyohiyo, awe Iringa, Mafinga au Mbeya. Watu wote wa nyumbani wazijue, pamoja na watoto.

Shangazi anatembea na kikaratasi ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho: majina ya vidonge viwili, tarehe ya stenti, namba ya mwanawe.