Somo: Kuusoma udongo wa mji wa kale, kwa mfano wa Songo Mnara

Ukifika Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, macho hukimbilia kuta za matumbawe na mihirabu ya misikiti. Mji huu ulistawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Ila walioishi humo si wenye majumba ya mawe peke yao. Wapo waliojenga kwa fito na udongo, na nyumba zao zilipoanguka hazikuacha ukuta. Ndiyo maana watafiti wamepima kemia ya udongo hata kwenye viwanja vitupu katikati ya magofu.

Hatua ya 1: Kibali. Hapa ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Bila kibali usichote hata kiganja.

Hatua ya 2: Tandaza kamba, ugawe eneo kwa miraba. Ndani ya chumba chota kila baada ya mita moja, uwanjani unaweza kuachanisha zaidi. Fuata tabaka, usifuate kina. Sentimita 20 hapa ni sakafu iliyoshindiliwa, pale pembeni ni kifusi cha juzi. Ukivichanganya, ramani yako yote itadanganya. Futa mwiko kila unapohamia mraba mwingine, na andika lebo papo hapo.

Hatua ya 3: Chota pia udongo wa ulinganisho, mahali ambapo hapakukaliwa na watu. Wengi huiruka hatua hii, na bila hiyo namba za maabara hazina maana.

Hatua ya 4: Anika kivulini, chekecha kwa chekecheo la milimita 2, peleka maabara.

Hatua ya 5: Soma majibu kwa pamoja. Fosforasi nyingi huashiria kinyesi, mabaki ya samaki, jalala au zizi. Potasiamu na magnesi zikipanda pamoja, shuku majivu ya jikoni. Shaba au chuma kikizidi, huenda palikuwa na mhunzi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, fosforasi haioshwi na mvua miaka yote hiyo?*
Kwa sehemu kubwa hapana. Kwenye udongo wenye chokaa hushikamana na kalsiamu, ikabaki karne nyingi.

*Pwani yetu chokaa imejaa kila mahali. Nitajuaje kama palipigwa lipu?*
Swali zuri sana. Kalsiamu peke yake haitoshi. Linganisha na sampuli za hatua ya 3, kisha tazama udongo kwa hadubini utafute vipande vya lipu yenyewe.

*Na bakteria? Si walishakufa?*
Walio hai udongoni wengi ni wa leo, na joto letu huharibu DNA ya kale upesi. Tafuta walichokiacha. Bakteria wa utumbo wa binadamu hugeuza kolesteroli kuwa koprostanoli, na hiyo hudumu udongoni muda mrefu. Kinyesi cha ng'ombe na mbuzi kina mchanganyiko tofauti wa stanoli (kundi la kemikali ambamo koprostanoli imo), kwa hiyo choo na zizi vinaweza kutenganishwa hata pale fosforasi inapolingana. Sampuli za kipimo hiki zifunge kwenye foili, usizishike kwa mkono mtupu, na zikae kwenye baridi mpaka maabara.