Michezo ya maneno ya familia: jinsi ya kuicheza hadi msamiati ukue

Mtoto anaweza kucheza jioni nzima akitaja meza, maji na mbuzi, akashinda, na asiongeze hata neno moja. Kutaja maneno unayoyajua ni burudani nzuri, lakini msamiati haukui hivyo. Unakua pale neno geni linapoingizwa mchezoni kwa makusudi na mchezaji akalazimika kulitumia mwenyewe, ndani ya sentensi yake, leo na tena baada ya siku kadhaa. Jambo la pili ni kwamba michezo mingi iliyozoeleka ilibuniwa kwa lugha nyingine. Ukiicheza kwa Kiswahili bila kubadili kanuni zake, inakwama mapema.

Kisanduku cha maneno

Anza na kadi ndogo za karatasi ngumu na bahasha tatu. Kila wiki familia ichague maneno matano, si zaidi, kutoka kwenye yale yaliyosomwa au kusikika wiki hiyo: taarifa ya habari, kitabu cha shule, maelezo ya dawa. Upande mmoja andika neno. Upande wa pili andika maana kwa maneno yenu wenyewe, sentensi moja na, kama ni nomino, wingi wake. Chagua maneno yenye kazi, kama kithiri, dumaa, upenyo au kadiria. Neno zuri la zamani ambalo hakuna atakayelisikia tena mwaka huu liache likae kamusini.

Kadi mpya hukaa bahasha ya kwanza na kutumiwa kila mnapocheza. Mtu akilitumia neno sawasawa bila kuchungulia, kadi inahamia bahasha ya pili, inayofunguliwa mara moja kwa wiki, kisha ya tatu, mara moja kwa mwezi. Likiwashinda wote, kadi inarudi ya kwanza. Sababu ya mpangilio huu ilijulikana zamani: mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda hushikilia kumbukumbu vizuri kuliko kukariri kwa mkupuo.

Mnyororo wa silabi

Wengi huucheza kwa herufi ya mwisho. Kwa Kiswahili hilo ni kosa, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu na wachezaji hubaki wakizunguka kwenye herufi tano tu. Tumia silabi ya mwisho. Mmoja akisema chakula, anayefuata anaanza na la: lango. Kisha ngoma, mahiri, riziki, kioo. Hapo irabu mbili zimefuatana, nazo ni silabi mbili, kwa hiyo neno linalofuata linaanza na o: orodha. Halafu dhahabu.

Silabi nyingine hazina pa kwenda. Anayepewa mpya atahangaika na pya mpaka achoke. Mpe sekunde 20, zikiisha aruhusiwe kuanza na irabu pekee, yaani a. Vijana wakubwa huzigundua silabi hizi upesi na kuanza kuwatega wenzao, jambo ambalo si baya hata kidogo, maana humlazimu mtu kupekua akiba yake yote ya maneno.

Neno la kawaida lina pointi 1, neno la kisanduku pointi 3. Kisha weka kanuni moja isiyolegezwa: mchezaji yeyote anaweza kusema "Sentensi!" na aliyetaja neno lazima alitumie papo hapo. Akishindwa, neno linafutwa. Bila kanuni hii watoto huokota sauti tu na kuzirusha.

Mzizi na matawi yake

Andika kitenzi kimoja juu ya karatasi, weka dakika tatu, na kila mtu aandike maneno yanayozaliwa nacho. Funga hutoa fungia, fungwa, fungika, fungisha, fungana, fungua, funguka, fungulia, mfungaji, mfungwa, kifungo, mfungo na ufunguo. Jenga, pima, tenda na lima nazo zina matawi mengi. Epuka vitenzi vya silabi moja kama kula na kufa mpaka watoto wazoee, kwa sababu lile ku- linang'ang'ania na kuwachanganya.

Neno lililoandikwa na zaidi ya mtu mmoja lina pointi 1, ulilolipata peke yako lina 3. Wakati wa kusoma majibu ndipo faida ilipo. Mtoto akiona fungua imetokana na funga, muulize jozi nyingine zinazogeuza maana hivyo: kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua, chomeka na chomoa. Dakika tano za hapo zinazaa maneno mengi kuliko kukariri orodha.

Kosa la kawaida ni somia badala ya somea, au pikea badala ya pikia. Mzizi wenye e au o huvuta -ea, -eka na -esha. Wenye a, i au u huvuta -ia, -ika na -isha. Mtoto mdogo usimpe kanuni hiyo. Rudia tu umbo sahihi katika jibu lako ("ndiyo, somea, kama nisomee barua hii") na mchezo uendelee.

Eleza bila kutaja

Kama familia ina nafasi ya mchezo mmoja tu, uwe huu. Kila kadi ina neno la kubahatisha na chini yake maneno matatu marufuku. Kwa daraja, marufuku ni mto, vuka na barabara. Anayeeleza ana sekunde 60 kuwafanya wa upande wake walitaje: "Ni mahali palipojengwa ili watu wapite juu ya maji au bonde." Marufuku inahusu ukoo mzima wa neno, kwa hiyo akisema kivuko naye ameanguka, kwani kimetoka kwenye vuka.

Mara za kwanza utasikia "ni kile kitu, kile cha kufanyia hivi", mikono ikichora hewani. Piga marufuku neno kitu na mikono ikae chini ya meza. Badala yake bandika ukutani maneno ya kuanzia maelezo: kifaa, chombo, aina ya, sehemu ya, mahali, hali, tabia, kitendo. Yanafanana na yale yanayotumiwa na kamusi kueleza maana, na mtoto akishayazoea, hata insha zake za shule hunyooka.

Panda ngazi polepole. Anza na vitu vinavyoshikika, kisha vitenzi (nyemelea, kokota, pepesa), mwisho hali za moyo. Hapa watu wazima nao hutokwa jasho. Jaribu kueleza wivu bila mtu kujibu husuda, au ghadhabu bila kujibu hasira. Ukiona wote wanabishana juu ya tofauti hiyo, simamisha saa na uwaache wabishane.

Waachie watoto watengeneze kadi wenyewe. Kuchagua maneno matatu ya kumfungia mtu njia kunadai ujue neno linaambatana na nini, na hiyo ni nusu ya kazi. Maneno marufuku yasizidi matatu kwa mtoto na matano kwa mtu mzima. Yakizidi, kadi haielezeki na mchezo unageuka kero.

Vigae vya herufi

Seti ya Kiingereza ya Scrabble, mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni ili viunde maneno, ina K moja tu na U nne, lakini ina E 12, na Q na X hazina kazi kwetu. Ni rahisi kukata vigae vyako 100 vya sentimita 2 kwa 2 kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu. Mgawo unaochezeka vizuri ni A 15, I 10, U 8, E 5, O 5, N 6, K 5, M 5, W 4, L 4, H 4, T 3, S 3, B 3, kisha mbilimbili za R, Y, Z, P, J, D, G, F, V na CH. CH iwe kigae kimoja, kwani C haisimami peke yake. Ng'ombe iandikwe bila kigae cha ile alama (') iliyo kati ya g na o. Irabu ziwe pointi 1, konsonanti zenye vigae vitatu au zaidi 2, na zile za vigae viwili 4. Kila mtu achukue saba.

Amueni kabla ya kuanza kuhusu vitenzi. Mkiruhusu viambishi vya nafsi na wakati, mmoja ataweka imba, mwingine anaimba, wa tatu tunaimba, na ubao wote utajaa neno moja. Ruhusuni umbo la kuamrisha na minyambuliko yake tu: imba, imbia, imbisha. Nomino ziruhusiwe umoja na wingi. Wafundishe watoto kutazama mbele ya neno lililopo ubaoni, maana huko ndiko Kiswahili huongezea: lima ikipata M ni mlima, ikipata KI ni kilima, refu ikipata U ni urefu.

Msipokuwa na vigae, chukueni neno moja refu na mtafute mengine ndani yake. Mkalimani inatoa mlima, kilima, amani, imani, amini, akili, kamili, alika, anika, lami na imla. Nakala haimo, ingawa daima kuna atakayeiandika: inataka A tatu na zilizopo ni mbili.

Kamusi na ugomvi

Kamusi iwe mezani lakini ifunguliwe baada ya zamu, si katikati yake. Watoto wengi husema "halimo" kwa sababu wametafuta mahali pasipo. Nomino hutafutwa kwa umoja: meno yako chini ya jino, nyuso chini ya uso, vyombo chini ya chombo. Kitenzi hutafutwa bila ku-. Usimkate pointi anayehoji neno na kukosea. Ukimkata ataacha kuhoji, na kamusi haitafunguliwa tena.

Mtu akichomeka neno la lugha nyingine, usimwadhibu. Liandikeni kama deni, na kabla ya kulala mmoja alete neno la Kiswahili la kulilipa. Hilo linaingia kisandukuni wiki ijayo.

Umri usipolingana, sawazisha kwa urefu wa maneno: aliye chini ya miaka 7 acheze kwa mdomo na aruhusiwe neno lolote, wa miaka 7 hadi 10 maneno ya silabi mbili na kuendelea, watu wazima kuanzia silabi tatu. Mkubwa akizoea kumnong'onezea mdogo majibu, wape upande mmoja na masharti kwamba mdogo ndiye pekee anayeruhusiwa kusema. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na ni bora kufunga kisanduku wakati bado kuna mtu anayeomba raundi nyingine.