Masizi na michirizi ya mlenda kwenye sufuria

Mlenda naupikia uani, kwa kuni, kwenye mafiga. Mlenda una magadi, na ukigeuka tu kumwita mtoto, povu limeshapanda na kumwagika ubavuni. Likikaukia pale linaacha michirizi myeusi, na masizi yanakuja kukaa juu yake. Ukitazama unaona uchafu mmoja, kumbe ni miwili, na dawa zake ni mbalimbali.

Anza na masizi, na usimwagie maji! Yakilowa yanakuwa rojo, yanakupaka mpaka viwikoni, na huku kwetu Chang'ombe ya Dodoma bomba likikauka tunanunua maji kwa dumu. Pindua sufuria juu ya gazeti, ikiwa kavu, uisugue kwa gunzi la hindi. Mengi yatadondoka yenyewe. Yaliyobaki yamalize kwa dodoki lililolowa, sabuni ya mche na majivu ya kuni. Majivu uyachekeche kwanza, maana kipande kimoja cha mkaa kinakwaruza sufuria nzima. Kisha suuza upesi.

Sasa ile michirizi. Siku moja nilijifanya mjanja, nikaipaka sufuria ya alumini magadi mazito, nikaenda zangu sokoni Sabasaba. Narudi, palipokuwa na michirizi pote pamekuwa peusi, kama imepakwa rangi. Magadi ndiyo yanayoitia alumini weusi, na majivu ukiyaacha muda mrefu yanafanya vivyo hivyo. Kinachoutoa ni uchachu. Loweka konzi ya ukwaju katika vikombe viwili vya maji ya moto, ukamue, upake ukiwa bado vuguvugu, uache robo saa. Ukisugua, kitambaa kinatoka cheusi na alumini inarudi kung'aa. Ndimu nayo inafaa, ila mimi ndimu naiwekea kachumbari.

Kikaango cha stenlesi chenye mafuta yaliyoungua ni habari nyingine. Hapo magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo ni ruksa, hata yakilala usiku kucha.

Kabla ya kubandika tena kwenye kuni, paka sabuni ya mche iliyolowa kitakoni na ubavuni, kwa nje tu. Masizi yatashika sabuni, jioni yanatoka kwa maji kidogo. Bibi yangu alikuwa anapaka udongo. Sabuni iishie vidole vitatu chini ya ukingo. Mimi niliwahi kuifikisha juu kabisa, na mwanangu akaniuliza mezani mbona mlenda wa leo unanukia kufua.