Faili yenye "é" ikikataa kusevu kwenye seva

Nimemsaidia mhasibu mmoja wa Bukavu ambaye faili zake zina majina ya Kifaransa: "Relevé_février", "Présences". Huzitengeneza kwenye Mac, halafu zinahamishiwa seva ya Linux. Akitaka kusevu anaambiwa faili haipo, ilhali anaiona.

1. Nakili folda nzima pembeni.

2. Ipe faili moja jina lisilo na alama juu ya herufi, "releve.xlsx", usevu tena. Ikigoma bado, angalia ruhusa za folda na nafasi ya diski. Shida yako si jina.

3. Hapa usiharakishe. Kompyuta huandika "é" kwa namna mbili. Ya kwanza ni herufi moja kamili, yenye namba U+00E9, ambayo katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi herufi, ni baiti 2: c3 a9. Ya pili ni "e" ya kawaida ikifuatwa na alama yake, U+0301, jumla baiti 3: 65 cc 81. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. HFS+, mfumo wa faili wa Mac za zamani, huhifadhi majina kwa namna ya pili, lakini kibodi kwa kawaida huandika ya kwanza. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, isipopangwa vingine, hulinganisha baiti tu, kwa hiyo kwake hayo ni majina mawili. Kagua kwenye terminal ya seva, ukiwa ndani ya folda:

`ls | hexdump -C`

Ukiona cc 81, tatizo ni hilo. Waombe wenzako wafunge faili zote, kisha kwenye seva yenyewe, si kwenye Mac, tumia convmv, programu ya kubadilisha namna majina ya faili yalivyoandikwa:

`convmv -r -f utf8 -t utf8 --nfc .`

Amri hiyo inaonyesha tu kitakachobadilika. Isome yote, ndipo urudie ukiongeza `--notest`. Lakini ukikuta faili mbili za jina linalofanana, simama: zifungue zote, linganisha tarehe na yaliyomo, moja uipe jina jingine kwanza. Huenda moja ina malipo ambayo nyingine haina. Kagua pia majedwali yanayovuta takwimu kutoka faili nyingine kwa jina.

4. Kuanzia hapo hamisha kwa rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, toleo la 3 ukiwa kwenye Mac, ukiongeza `--iconv=utf-8-mac,utf-8`.

Wengi hushauri alama zifutwe zote. Mimi sikubali. Mfanyakazi anayeitwa Désiré ana haki ya jina lake kuandikwa hivyo kwenye faili ya mshahara wake, na seva inaliweza.